Kapkeki zenye kitu ndani: vidude tulivyojaribu na kimoja kilichobaki

Leo hatuzungumzi hina wala udi. Tunazungumza vidude vya kutobolea kapkeki, maana kila tukipeleka oda lazima mtu atuvute pembeni: "Hebu niambieni, hii jemu mmeiingizaje humu ndani na juu hakuna tundu?" Tukianza kueleza kwa mdomo, pilau linapoa na gari linasubiri. Bora tuandike mara moja.

Sie ni wawili, mtu na wifi yake. Tunakaa Nkuhungu, Dodoma. Mmoja kazaliwa Unguja akaolewa bara, na serikali ilipohamia huku, mume akahamishwa pamoja na mafaili yake. Mwengine ni Mrangi wa Kondoa, kwao si mbali na hapa. Sote tuliishia kidato cha nne, tukasomea ushonaji. Sebuleni kuna cherehani mbili, jikoni kuna oveni moja ya gesi. Magauni ya harusi tunashona, keki za harusi tunapika, na kuna siku nyuzi zinakutwa jikoni na unga unakutwa kwenye satini.

Tuanze na kwa nini tunatoboa. Kwa wenzetu wengi kutia kitu ndani ya kapkeki ni urembo tu. Kwetu sie ni dawa. Dodoma ipo juu, mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu khasa miezi ya kiangazi. Keki iliyokuwa ikitoka laini Unguja, hapa ilikuwa inaumuka haraka kama imekasirika, kisha inabonyea katikati, na kesho yake ukiigusa inapukutika. Mwanzo tulidhani unga mbovu. Tukabadilisha unga mara tatu. Kumbe ni mahali. Sasa tunapunguza baking poda kidogo, tunaongeza vijiko viwili vya maziwa kwa kila trei, hatuiachi motoni hata dakika moja ya zaidi. Pamoja na yote hayo, keki ya jana Dodoma inataka kitu cha unyevu ndani yake.

Na kutia kitu ndani ya kitu si jambo geni kwetu. Sambusa ni nini? Wenye jamaa Oman wanazijua maamuli, vile vibiskuti vinavyojazwa tende na kugongwa kwenye kibao cha mti kilichochongwa maua. Hata chuma chetu cha vitumbua kina ndugu mbali: watu wa Denmark wana chuma chenye vishimo vya duara vilevile, wanapikia vidonge vyao vya unga, na zamani walikuwa wakitia vipande vya tufaha katikati. Tulipoiona picha yake tulicheka, maana ungeambiwa ni chuma cha bibi Mkunazini ungekubali.

Sasa vidude.

Tulianza na kisu. Unachukua kisu kidogo chenye ncha, unakiingiza kwa mshazari, unazungusha, unatoa kipande chenye umbo la pia. Ukikigeuza, unakata ile ncha ya chini, unabaki na kifuniko bapa cha kurudishia juu. Hakigharimu kitu na kwa kapkeki kumi na mbili za nyumbani hakuna haja ya chengine. Tatizo lake ni mkono. Kapkeki ya kwanza unatoboa vizuri, ya ishirini umechoka, ya arobaini tundu limeingia mpaka kwenye karatasi. Na kapkeki iliyotoboka chini haina ukarimu, mgeni anainyanyua na jemu inamshukia mkononi.

Kijiko cha chai tulikijaribu tukakiacha siku hiyohiyo. Kinachimba, hakikati.

Halafu tukagundua nozeli, kile chuma cha kuchorea krimu. Ukiigeuza, ule upande mpana ni duara kali kiasi. Unabonyeza, unazungusha, unanyanyua, kiini kinabaki ndani ya chuma, unakisukuma kwa kidole kutokea kwenye tundu dogo. Wengi wenu mnazo nozeli kubwa ndani, zile za kutolea waridi. Basi kabla hujatoa hela yoyote jaribu hiyo. Kasoro yake ni kwamba kiini kinakwama, na oda ikiwa kubwa utajikuta unachokoa makombo kwa kijiti cha mshikaki.

Kitoa kokwa cha tufaha pia kinafanya kazi. Tulikipata Darajani tulipokwenda Idi. Tundu lake ni jembamba, karibu sentimita mbili, na linafaa kwa jemu nyepesi. Kwa tende iliyopondwa ni dogo mno.

Chombo chenyewe kilichotengenezwa kwa kazi hii ni kile cha plastiki chenye kisukumio juu, kama bomba la sindano lililonona. Unaingiza, unazungusha, unatoa, unasukuma, kiini kinadondoka. Tuliagiza Kariakoo, kikaja na basi kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Kinapendeza na watoto wanakipenda. Ila meno yake ya plastiki hayakati keki nzito, yanaisukuma, na keki ya siagi inapasuka ubavuni. Kwa sponji nyepesi hakina neno.

Kuna na trei. Hii tuliletewa mkononi na jamaa aliyetoka Muscat. Ina vishimo kumi na viwili kama trei ya kawaida, na ina mfuniko wenye vijiti vinavyoshuka katikati ya unga, ili keki iive tayari ina tundu. Ukisikia unasema mambo yamekwisha. Lakini vijiti vyote kumi na viwili vinataka kupakwa mafuta, kimoja ukikisahau kinang'oka na nusu ya keki. Na ni kumi na mbili tu kwa mpiko. Ipo juu ya kabati, tunawekea vitunguu.

Mwisho kuna nozeli ndefu, nyembamba, iliyokatwa mshazari mdomoni. Hii haitoboi, inachoma. Unaijaza krimu kwenye mfuko, unaichoma kapkeki kwa juu, unaminya mpaka uone keki imevimba kidogo. Wanaojaza donati wanaitumia sana. Kwa Wilton ni namba 230. Inafaa kwa kastadi laini na krimu. Jemu yenye vipande vya tunda inaziba hapohapo, na hujui umetia kiasi gani, hii imepata nyingi, ile imepata tone.

Kipimo tulikipata kwa ushonaji. Ukikata shingo ya gauni kubwa kupita kiasi, hakuna fundi wa kurudisha kitambaa. Kwa hiyo tulikaa na utepe tukaipima kapkeki kama tunavyompima mtu: kimo chake wastani sentimita tatu na nusu hadi nne. Tundu lishuke mbili na nusu, chini ibaki kama sentimita moja isiyoguswa. Upana usizidi mbili na robo. Tundu hilo linachukua vijiko viwili vya chai, kama mililita kumi. Kwa hiyo bi harusi akitaka kapkeki 100, andaa lita moja ya cha ndani, na ongeza kidogo kwa ajili ya wanaoonja. Hesabu hii ndogo ingetuokoa pesa nyingi kama tungeijua mapema. Na keki ipoe kabisa kabla ya kuitoboa, saa nzima au zaidi. Keki ya moto haitobolewi, inafinyangwa.

Hapo tufike kwenye lile jambo la Shaabani ya 2024. Tumelisita kuliandika, lakini bila hilo hamtaelewa kibomba kimetoka wapi.

Mnajua Shaabani huku na huko ni harusi tupu, kila mtu anakimbiza mwezi. Tulipata oda ya kapkeki 150, shilingi 1,500 moja, za walima wa Jumamosi saa nane mchana. Mama wa bi harusi alitutangulizia 150,000 na yote ilikuwa imeshaingia kwenye gesi, siagi na mayai. Bi harusi alitaka kastadi ndani. Ijumaa baada ya Alasiri tukatoboa zote kwa kile cha plastiki, tukajaza, tukarudisha vifuniko, tukazipanga kwenye majokofu mawili, letu na la jirani. Tukaswali Isha tukaanguka kitandani kama magunia.

Ilikuwa miezi ya mgao wa umeme. Sie hatukusikia kitu. Alfajiri tulipoamka tukakuta maji sakafuni. Jirani akatuambia umeme ulikatika mara baada ya Isha, ukarudi muda mfupi kabla ya adhana. Tukafungua jokofu. Kapkeki zilikuwa nzuri. Tunasema kweli, zilikuwa nzuri kuliko jana. Tukakata moja: rangi ileile, harufu hakuna. Lakini kastadi ni maziwa na mayai, na haifai kukaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili. Hii imelala usiku mzima wa joto la Dodoma, na sasa inaanza kupoa tena, kwa nje inadanganya.

Hatukuzungumza kwa muda. Mmoja wetu akasema, "Harufu haina." Mwengine akasema, "Haina." Tukabaki tunatazamana. Ndani ya kapkeki hakuna anayeona, ndiyo raha yake na ndiyo hatari yake. Wageni wangekula, na kama watu kumi wangeumwa tumbo usiku wangesema ni pilau, au maji ya ukumbini. Deni letu lingeisha hapo.

Kile kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni tumekisikia tangu tukiwa chuoni: alipita kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu, muuzaji akasema ni mvua, akaulizwa mbona ule ulioloa hakuuweka juu watu wauone. Siku zote tulikuwa tukikisikia kama habari ya watu wa nafaka. Asubuhi ile jikoni, mbele ya lundo la kapkeki 150, haikuwa habari ya watu wa nafaka.

Tukampigia mama wa bi harusi. Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya harusi ya mwanawe. Shikamoo yetu tu ilimtisha. Tukamwambia yote. Akanyamaza mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Wanangu, mngeniambia jana ningetafuta mtu mwengine. Sasa mnataka niwajibu nini?" Tukamwambia tutapika upya, bila kastadi, kitu kisichohitaji jokofu. Akasema, "Leteni mtakachokileta, ila msiniaibishe," akakata.

Zile 150 tulichimba shimo nyuma ya nyumba tukazifukia. Tungezitupa jalalani watoto wa mtaa wangeziokota. Wetu walisimama pale ukutani wanalia kama wanazika mtu.

Kwa mayai na siagi tulikopa kwa mwenye duka kwa neno tu. Jirani mwenye jokofu alitushauri tuchukue mkopo wa wiki, hii mikopo watu wanaiita kausha damu, anamjua mtu anatoa hata Jumamosi. Tukamshukuru. Riba tuliiogopa kuliko deni.

Oveni yetu inaingia trei mbili, kapkeki 24, kama dakika 25 pamoja na kutoa na kuingiza. Mizunguko saba. Tukaanza saa moja, mmoja anapika, mwengine anaponda tende kwa hiliki na samli kidogo. Tulikuwa pia na chupa nne za jemu ya zabibu tuliyoipika wenyewe. Zabibu Dodoma ndiyo kwao, ukienda Hombolo au Makutupora utaona mashamba yake, na nyingi zinakwenda kwenye viwanda vya mvinyo. Sie za kwetu zinakwenda kwenye sufuria na sukari na ndimu, na huwa tunasema angalau hizi tumeziokoa.

Saa tatu na nusu tukaanza kutoboa zilizopoa. Keki hizi tulizifanya nzito kidogo ili zisafiri. Ya thelathini na moja, kile kidude cha plastiki kikavunjika shingo. Nozeli kubwa tulikuwa nayo moja na ilikuwa ya krimu. Kisu tukakiogopa kwa haraka ile.

Pale mtaani kuna kijana anachomelea mageti na vishikio vya ngazi. Mmoja wetu akatoka na kanga ya jikoni mpaka kwake, akamwomba kipande cha bomba la chuma kisichoshika kutu, lile jembamba la ngazini, urefu wa shubiri. Kijana akauliza, "Dada, ngazi ya wapi inataka bomba fupi hivi?" Alipoelezwa akacheka, lakini akakata, akanoa mdomo mmoja kwa ndani mpaka ukawa kama wembe, ule mwengine akaulainisha usiumize kiganja. Umeme ulikuwepo wakati huo, tuseme alhamdulillah. Hakutaka pesa, alitaka kapkeki. Tukakisugua kwa sabuni na majivu, tukakichemsha dakika kumi, tukakipiga utepe wa fundi cherehani kwenye sentimita mbili na nusu ili tusipitilize kina.

Mashoga, kile kibomba kilikata kama mkasi mpya kwenye hariri. Hukibonyezi, unakizungusha tu nusu duara, kinashuka chenyewe. Kiini kinapanda ndani, kinachofuata kinakisukuma kilichotangulia, vinatokea juu vimepangana kama ushanga. Nozeli haifanyi hivyo kwa sababu ni nyembamba kwa juu, bomba limenyooka. Kazi ya saa mbili tukaimaliza kabla ya Adhuhuri. Sita zilipasuka, zikabaki 144. Nusu tende, nusu zabibu, juu krimu ya siagi.

Tulifika saa nane na dakika ishirini, watu wameshaanza pilau. Mama wa bi harusi akazihesabu mwenyewe, mbele ya watu, na tulistahili. Ya kubaki ilikuwa 75,000, akatupa 50,000. Hatukusema neno. Duka tulilimaliza deni kwa kushona sare za watoto wa madrasa mwezi mzima, mpaka katikati ya Ramadhani, usiku baada ya Tarawehe.

Mnaweza kudhani baadaye alikuja kutushukuru. Hakuja. Tukikutana naye kwenye shughuli tunamwamkia, anaitikia, basi. Bi harusi mwenyewe ndiye alituandikia siku chache baadaye, anataka kujua ile tende tulitia nini. Tukamwambia, na ninyi tunawaambia: tende laini nusu kilo, samli vijiko viwili vya chakula, hiliki ya kutwanga kijiko kimoja cha chai, maji ya moto kidogo kidogo mpaka ipite kwenye mfuko bila kusukumwa kwa nguvu. Chumvi chembe.

Kastadi hatujaacha, ila hatuijazi tena usiku. Tunatoboa usiku, tunafunika kwa plastiki zisikauke, tunajaza asubuhi ya shughuli na tunamwambia mteja ziliwe mapema. Anayetaka zikae mpaka jioni tunampa tende, zabibu au nazi iliyopikwa na sukari.

Na kwa kuwa mmekuwa mkiuliza kuhusu halali ya vya ndani: tazameni maandishi ya kopo. Vijazio vingi vya kuagizwa vina jelatini, na isipoandikwa imetokana na nini, sie tunarudisha rafuni. Unga wa mahindi laini unagandisha jemu vizuri tu. Vanila ya maji ile asilia hutolewa kwa kileo, sie tunatumia ya unga au hiliki. Mteja mmoja alituona wagumu. Huyo tulimpa hiliki, akarudi.

Viini vinavyotoka kwenye matundu msitupe. Vikandeni na maziwa ya kopo, mviringe, mvipitishe kwenye nazi kavu. Za kwetu zinakwenda madrasa kila Jumapili, na ustadhi anasema watoto siku hizo hawachelewi.

Kwa anayetaka kibomba kama chetu: kata sentimita kumi, upana usipungue mbili wala kuzidi mbili na nusu, mwambieni fundi anoe kwa ndani asinoe kwa nje, la sivyo tundu linachanika. Na kisiwe chuma cha rangi ya kung'aa kilichopakwa tu, kitabanduka. Tumeshawapelekea wenzetu watatu wa Chang'ombe na mmoja wa Unguja, na yule kijana wa mageti sasa anatuuliza kila tukipita, "Ngazi za keki vipi?"

Wiki hii tuna kapkeki 60 za akika ya mtoto wa kiume, ndani tende. Kibomba kipo kwenye sufuria kinachemka.